Jinsi ya kutengeneza makala ya televisheni ya mfululizo ndani ya shule ya sekondari: mwongozo kamili

Kila aliyesoma sekondari anadhani anaijua shule, na hapo ndipo taabu ya kazi hii inapoanzia. Mtazamaji anakaa mbele ya televisheni akiwa na shule yake mwenyewe kichwani: mwalimu wake mkali, rafiki yake aliyefukuzwa, kengele yake. Ukimletea kengele, mkuu wa shule anayehutubia na wanafunzi wanaochekeana kwenye korido, umemletea vitu alivyokuwa navyo tayari. Makala ya namna hii hushika pale mtazamaji anapomfahamu mtoto mmoja kiasi kwamba mtoto yule akiitwa ofisini, moyo unaoenda mbio ni wa mtazamaji. Kamera nzuri haiwezi kukupa hilo. Unalipata kwa kukaa shuleni muda mrefu na kwa kukubaliwa, na kukubaliwa kwenyewe unakuomba upya karibu kila asubuhi, hata kama fomu zote zilisainiwa zamani.

Ninayoandika hapa yanamfaa mwenye timu ya watu wanne au watano: mwongozaji, mpiga picha mmoja au wawili, fundi sauti, na mtayarishaji ambaye pia ndiye mshika simu za wazazi. Lengo ni mfululizo wa sehemu 6.

Anza na swali

"Maisha ya shule ya sekondari" ni mada tu. Ukiingia shuleni na mada utarudi na picha nyingi nzuri zisizoshikana. Unachohitaji ni swali, tena swali ambalo hujui jibu lake. Mfululizo wa Marekani uitwao America to Me, wa mwongozaji Steve James, ulioonyeshwa mwaka 2018 kwa sehemu 10, ulikaa mwaka mzima wa masomo katika shule moja ya sekondari karibu na Chicago. Shule ile ina fedha, ina sifa, ina wanafunzi wa kila rangi. Swali lilikuwa: kwa nini basi wanafunzi weusi bado wanaachwa nyuma? Ukishakuwa na swali kama hilo, mengine yanajipanga: utamfuata nani, utaketi darasa gani, mzazi yupi umtembelee nyumbani.

Swali lako linaweza kuwa dogo zaidi. Mwanafunzi anayerudia mwaka anarudi akiwa nani mbele ya wenzake? Nani hasa anaamua kwamba fulani "hana kichwa cha sayansi", na anaamua lini? Mkuu mpya anaweza kugeuza shule ndani ya mihula mitatu? Liandike kwa sentensi moja. Kama unaweza kulijibu kabla hujaenda kushuti, litupe.

Kuingia shuleni

Mkuu wa shule akikubali haraka, jiulize anadhani anakubali nini. Wengi hudhani wanapata tangazo. Mweleze tangu kikao cha kwanza, kisha umwandikie: ataona kila sehemu kabla haijarushwa, atasahihisha makosa ya ukweli na chochote kinachohatarisha usalama wa mtoto, lakini hatapanga nini kibaki na nini kitoke. Akisita, afadhali asite sasa kuliko mwezi wa tano wa kushuti. Baada yake omba kukutana na walimu bila yeye kuwepo. Chumba cha walimu chenye makundi mawili kitakuvuta upande mmoja kabla hujajua, na ukishaonekana ni "mtu wa mkuu" hutapata hata salamu ya maana.

Halafu inakuja ridhaa, na hapa sitakwenda haraka.

Kisheria, mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, isipokuwa pale sheria ya nchi inapompa utu uzima mapema zaidi. Ibara ya 3 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, ya 12 inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ya 16 inalinda faragha na heshima yake. Kanuni za utangazaji za Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji huko Uingereza, zinakwenda mbali zaidi: kituo kinawajibika kuangalia ustawi na utu wa mshiriki aliye chini ya miaka 18 hata kama yeye au mzazi wake ameridhia. Soma sheria za nchi unakoshuti, zile za ulinzi wa taarifa binafsi pamoja na za utangazaji, na uwe na wakili wa kumpigia simu.

Kiutendaji, andaa ridhaa za ngazi tatu. Ya kwanza ni ya shule nzima: barua kwa kila mzazi ikieleza tarehe, maeneo yatakayoshutiwa, na namna ya kukataa. Ya pili ni ya darasa ambalo kamera itaingia mara kwa mara. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni ya mhusika mkuu. Hii husainiwa na mzazi na mtoto mwenyewe, baada ya mazungumzo ya ana kwa ana, nayo iseme wazi kwamba anaweza kujitoa na mpaka lini. Waliokataa wawe kwenye orodha yenye picha zao, ishikwe na mtayarishaji, na kila asubuhi mpiga picha aipitie kabla ya kuwasha kamera. Usiwavishe waliokataa beji ya rangi. Mtoto aliyekataa kuonekana hapaswi kuwa ndiye anayeonekana kuliko wote.

Fomu hata hivyo haikuambii kila kitu. Katika shule moja tulikuwa na msichana ambaye mama yake alisaini na yeye alisaini. Siku ya tatu ya kuhariri ndipo niliona: kila kamera ilipogeukia upande wake, alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Jumatatu kamba, Jumatano kamba, wiki iliyofuata kamba. Ridhaa ya karatasi ilikuwepo, yeye hakuwepo. Nilirudi kumuuliza, akasema alisaini kwa sababu marafiki zake wote walisaini. Tulimtoa. Tangu hapo naangalia viatu.

Wiki mbili bila kamera

Ziwe wiki mbili kwa uchache. Fika kabla ya wanafunzi, ondoka baada yao, ukae viti vya nyuma ukiwa na daftari. Wiki ya kwanza utakuwa kichekesho, ya pili utakuwa fanicha. Katika siku hizo chora ramani ya shule kwa saa: nani yuko wapi kengele ya kwanza ikilia, korido ipi inajaa, mlango upi hufungwa. Zaidi ya yote tafuta mahali watu wanapongojea. Benchi la nje ya ofisi, chumba cha huduma ya kwanza, geti dakika tano baada ya muda wa kuchelewa. Darasani watu wana kazi ya kufanya na sura ya kuvaa. Wakingoja, sura inadondoka.

Chagua wahusika 12 hadi 15 ukijua nusu watapotea njiani. Mmoja atahama, mwingine atachoka, wa tatu maisha yake yatakuwa shwari mwaka mzima, heri yake. Usimchague msemaji. Kila shule ina mwanafunzi wa kuzungumza na wageni, na huyo amekwisha kufanya mazoezi. Mtafute anayetaka kitu chenye tarehe: kupita mtihani fulani, kuingia timu, kurudi darasani baada ya kusimamishwa. Tamaa isiyo na tarehe haina mwisho kwenye televisheni.

Watu wazima usiwasahau. Mwalimu wa mwaka wa kwanza kazini ni dhahabu. Karani wa ofisi ya mbele naye anajua mambo ambayo mkuu atayasikia wiki ijayo.

Kuhusu kalenda sina mengi: shule imekwisha kukuandikia mwanzo, katikati na mwisho. Siku ya kufungua, mitihani ya kati, mechi kubwa, matokeo. Panga siku zako za kushuti kuzunguka hizo, ukiacha siku kadhaa za kawaida kabisa katikati, kwa sababu mambo mengi hutokea siku ambayo hakuna kitu.

Kamera ukutani au begani?

Kuna njia mbili kubwa, na kila moja inazaa makala tofauti. Educating Essex, iliyorushwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 2011 kutoka shule moja ya mji wa Harlow, ilifunga kamera zaidi ya 60 ukutani na darini, huku timu ikiziendesha kutoka chumba cha pembeni. Wanafunzi husahau kamera isiyokuwa na mtu nyuma yake. Upande wa pili yuko mwongozaji Frederick Wiseman, aliyetengeneza filamu ya High School katika shule ya Philadelphia, Marekani, na kuitoa mwaka 1968: dakika 75, bila msimulizi, bila mahojiano, kamera ikiwa mkononi na masikio wazi.

Kamera za ukutani zinahitaji nyaya, mafundi na bajeti ya kituo kikubwa. Zina hatari yake pia, nayo ni hicho hicho kinachozifanya zipendwe: mtu akisahau anarekodiwa, atasema ambacho asingekusudia kukisema. Kwa timu ndogo ushauri wangu ni kamera moja au mbili za begani, na kamera mbili ndogo za kufungwa mahali palepale pa kungojea, zikiwa na taa nyekundu inayoonekana na karatasi mlangoni yenye saa za kurekodi. Vyooni, vyumba vya kubadilishia nguo na chumba cha mshauri nasaha visiwe na kamera wala maiki. Halina mjadala.

Vifaa, na hesabu yake

Picha ya shuleni hutazamika hata ikiwa mbaya kidogo, ila sauti mbaya inafukuza mtu. Madarasa yana kuta tupu, madirisha mapana na viti vya chuma vinavyokwaruza sakafu. Mvishe mhusika maiki ya kola isiyotumia waya, umvishe na mwalimu, halafu fundi sauti awe na maiki ya fimbo kwa wengine. Maiki ikigusa sweta utapata mkwaruzo usioondoka. Ibandike kwa plasta kwenye shati la ndani na uache kitanzi kidogo kinachopumua cha ule waya mfupi unaoiunganisha na kisambaza mawimbi chake. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, kilele cha sauti kikicheza karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo, ili kelele ya ghafla isipasuke. Darasa likitoka, baki urekodi ukimya wa chumba kile kwa sekunde 30. Mhariri atakushukuru. Na mwalimu akienda kupumzika, mvue maiki, au mwonyeshe swichi na umwachie aizime mwenyewe.

Kwenye taa za darasani, umeme wa hezi 50 unataka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde, wa hezi 60 unataka 1/60 au 1/120. Ukikosea, ukuta mzima utapepesa na hutaliona hilo kwenye kioo kidogo cha kamera.

Sasa hesabu ambayo watu huikimbia. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa. Kamera 2, saa 3 kila moja kwa siku, siku 60 za kushuti: hizo ni saa 360, yaani terabaiti 16 na ushei. Unahitaji nakala tatu, mbili katika diski tofauti na moja nje ya jengo, hivyo nunua nafasi ya terabaiti 49. Diski zote zifungwe kwa nywila, maana zimebeba sura za watoto. Kadi haifutwi mpaka mtu mwingine, si yule aliyenakili, athibitishe kwamba faili zinafunguka.

Siku yenyewe

Mvulana wa miaka 15 ameitwa kwa makamu mkuu kwa kumjibu mwalimu vibaya. Mpiga picha mgeni atakimbilia ndani, kwa kuwa maneno yako ndani. Wewe baki nje naye. Kiti cha plastiki, goti halitulii. Anavuta mkono wa sweta mpaka umefunika vidole. Mwenzake anapita, anamtamkia jambo kwa midomo bila sauti, wanacheka. Yule akishapinda kona, kicheko kinamtoka usoni chote kwa mara moja. Karani anapita na faili, hamtazami. Mlango unafunguliwa nusu. Anasimama, anachomekea shati upesi upesi, anaingia. Dakika 11, na hajasema neno.

Ukirudi nyumbani na dakika hizo una onyesho. Picha pana ya kiti na mlango, ili tujue umbali kati yao. Goti, kisha mkono, kisha uso, bila haraka, kila picha isipungue sekunde 10. Akiingia, usizime: sikiliza kupitia mlango, na umngoje atoke. Anapotoka anaelekea upande gani, darasani au getini? Mara nyingi jibu la wiki nzima liko hapo.

Darasani simama upande wa dirisha ili mwanga uwapige wanafunzi usoni, ukae sehemu moja kipindi chote. Mpiga picha anayetembea darasani ni somo la pili linaloshindana na la mwalimu. Rekodi wanaosikiliza kuliko anayesema. Wala usimwombe mtu arudie jambo. Mwanafunzi akishaambiwa "hebu ingia tena", ameshakuwa mwigizaji na atakuwa hivyo hadi mwisho wa muhula.

Mahojiano yasubiri

Usihoji siku ya tukio mtoto akiwa bado anatetemeka, wala mbele ya wenzake. Ngoja siku mbili tatu. Mweke mahali anapopapenda, kamera iwe usawa wa macho yake, mtu mzima anayemwamini awe karibu ila nje ya picha. Muulize kilichotokea kwanza, alivyojisikia baadaye: "Nieleze ulipofungua mlango uliona nini?" itakufikisha mbali kuliko "Ulijisikiaje?" Mwombe arudie swali ndani ya jibu, kwa maana swali lako litakatwa. Akinyamaza, nyamaza nawe.

Likitokea baya

Litatokea. Ngumi, mtoto anayesema anapigwa nyumbani, mimba, taarifa ya msiba. Kabla ya siku ya kwanza muwe mmekubaliana kwa maandishi na shule: mtu wa kuambiwa ni nani, kwa namba gani, ndani ya muda gani. Mtoto akianza kukuambia siri ya kuumizwa, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Zima kamera, msikilize bila kumhoji, mpeleke kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni, kisha andika ulichosikia kwa maneno yake. Picha iliyokwisha kurekodiwa iwekwe kando na isiingie kwenye uhariri mpaka wahusika wa ulinzi na mwanasheria waseme. Hili likikupotezea onyesho bora la mwaka, limekupotezea.

Mezani kwa mhariri

Kutazama saa 360 kwa saa 8 kila siku ni siku 45 za kazi, ndiyo maana kuandika kumbukumbu kunaanza jioni ileile ya kushuti: saa, mahali, nani, nini, na nyota kwa kilichokushtua. Sehemu 6 za dakika 47, ambazo huenea saa moja ya kituo chenye matangazo, hazifiki saa 5. Maana yake utatumia saa moja na kutupa zaidi ya 70.

Andika kila onyesho kwenye kadi, bandika ukutani, kila mhusika na rangi yake. Kila sehemu ibebe nyuzi tatu za hadithi: moja inayofungwa mle mle, moja inayoendelea toka sehemu iliyopita, na moja nyepesi ya kupumulia. Sehemu ya kwanza usiwatambulishe wote, wawili wanatosha. Nilipokuwa mgeni nilitambulisha tisa, na mtazamaji hakumkumbuka hata mmoja.

Mhariri atakuonyesha jinsi kicheko cha Alhamisi kinavyokaa vizuri baada ya kosa la mwalimu la Jumanne. Kataa. Ukiazima uso wa siku nyingine umemfanya mtoto amcheke mwalimu ambaye hakumcheka, na wote wawili watarudi darasa moja kesho yake. Mwalimu mkali pia asiachwe na sura moja. Kama ana onyesho la kufoka, tafuta lile anaposahihisha madaftari peke yake saa kumi na moja jioni. Lipo, ulilishuti, umelisahau tu kwa sababu halikuwa na nyota.

Kabla na baada ya kurushwa

Waonyeshe wahusika sehemu zao kabla ya watu wengine, mmoja mmoja, pamoja na mzazi, kukiwa na muda wa kubadilisha. Usitume kiungo, kaa nao chumba kimoja. Tazama uso wa mzazi zaidi ya skrini. Wakisema "hiyo si kweli", chunguza. Wakisema "hiyo inanitia aibu", ongea nao mpaka ujue ni aibu ya siku moja au ya kumfuata mtoto.

Wiki ya kurushwa, waeleze wanafunzi kwamba watu wasiowajua watawaandika mitandaoni, wakae na akaunti zao zikiwa zimefungwa kwa wageni, na walimu wajue nani wa kumwangalia asubuhi inayofuata. Simu ya timu ibaki hewani angalau miezi mitatu, ipokewe na mtu anayewajua kwa majina.

Jambo la mwisho huandikwa kwenye mkataba wa kituo kabla ya malipo ya kwanza: picha ambazo hazikutumika zitafutwa tarehe gani, na kila kipindi kikirudiwa au kikikatwa vipande vya kuweka intaneti, wahusika wapewe taarifa mapema. Yule mvulana wa kwenye kiti cha plastiki atakuwa na miaka 24 siku moja, anatafuta kazi, na mwajiri atakuwa ameandika jina lake kwenye intaneti kabla hajagonga mlango.